Bitana ya Mildred

Jumatatu, 13 Novemba

Twyla ametangaza vita kabla sijamaliza kahawa. Hapandi tena Mildred. Wiki ijayo tunakwenda Pueblo kula Sikukuu ya Shukrani kwa dada yake Corinne, na yeye atakwenda na jirani yetu Dell Ostrander, ambaye mama yake anaishi huko huko. Eti kwenye gari la Dell mtu anaongea bila kukauka koo.

Mildred ni gari langu la kupandia milima. Twyla, mke wangu, humwita mke mwenza wake.

Sawa, paa lake gumu ni plastiki tupu. Barabara kuu upepo unanguruma, na mvua ikinyesha ni kama mtu anamwaga maharage kwenye sinia. Lakini gari la mlima ndivyo lilivyo. La Dell ni aina hiyo hiyo, tena jipya, ila paa lake limetiwa bitana kwa ndani. Bitana, kama koti la harusi.

Kilichoniuma si hicho. Twyla amesema ana jambo la kuniambia. Amekuwa akiniambia tangu Septemba, tukiwa garini, kwa sababu nyumbani mimi niko gereji muda wote. Amechoka kupiga kelele. Akapaka siagi mkate wake taratibu, akasema: "Orrin, nifikishe Pueblo tukiongea kama watu, tutarudi wote. Ukishindwa, naenda na Dell, na kurudi sikuahidi."

Hakuwa anatania. Nimeogopa, na kahawa imenishinda.

Jumanne, 14 Novemba

Nina mpango. Mildred atavaa bitana.

Zinauzwa tayari zimekatwa: sponji nene yenye kitambaa cheusi upande wa chini na gundi upande wa juu. Nimeagiza. Muuza duka akasema Dell naye alibandika za aina hii, kwa nini nisimwombe anisaidie. Nikamjibu heri nisaidiwe na dubu.

Dell hakungoja kuombwa. Jioni alikuja akasimama kwenye mlango wa gereji na kofia yake ya mwenyekiti wa klabu ya magari haya. "Jirani, hiyo gundi na baridi haviivi. Lete gari kwangu, mimi nina hita." Nikamwambia gereji yangu ina joto la kutosha. Wakati nasema hivyo mdomo wangu ulikuwa unatoa moshi, na wake pia. Akasema haya, mzee, ukinihitaji nipo. Mtu mbaya huyu. Hakupi hata sababu ya kumchukia.

Halafu kuna suala la bata. Sisi wenye magari haya, mtu akilipenda gari lako anakuachia bata mdogo wa mpira, nawe unampanga mbele pale kwenye dashibodi. Dell ana msafara mzima, mpaka wengine wanalala chali kwa kukosa nafasi. Mildred ana bata mmoja. Wa njano, ana miwani. Nilimkuta masika kwenye mpini wa mlango, nje ya duka la vyakula. Mpaka leo sijui ni nani aliyeniona nikistahili, lakini mara nyingi namfikiria mtu huyo.

Jumamosi, 18 Novemba

Bitana imeingia. Mgongo wangu umetoka.

Maelekezo yalitaka paa lifutwe kwanza kwa spiriti ili gundi ishike. Spiriti haikuwepo. Kulikuwa na chupa ya brandi ya pichi ambayo Twyla alimnunulia Corinne. Kilevi ni kilevi. Nimefuta paa zima, likang'aa.

Maelekezo yalitaka pia gereji yenye joto. Nimetumia mashine ya Twyla ya kukaushia nywele. Ilifanya kazi vizuri mpaka ilipotoa cheche na kuiaga dunia. Nimeirudisha kwenye droo yake nikiwa nimeikunjia waya kwa heshima.

Sasa hapa ndipo nilipoonyesha akili. Mbele, juu ya vichwa vya dereva na abiria, paa lina vipande viwili vinavyotoka. Kiangazi unafungua komeo kwa ndani, unavitoa, unapata jua. Bitana yake nayo ililetwa vipande viwili, kila kimoja na tundu la kupitisha komeo. Upuuzi. Mshono ni njia ya kelele, na tundu ni njia ya kelele. Nimegeuza kile kipande kikubwa cha nyuma nikakileta mbele, kikafunika vyote, komeo na kila kitu. Nyuma nimeweka vile vidogo, na palipobaki wazi nimepachika zulia la bafuni.

Dell alipita na mbwa wake, akachungulia. Akauliza kiangazi nitafunguaje paa. Nikamwambia tuko Novemba.

Jumapili, 19 Novemba

Kona moja ilikuwa inaning'inia asubuhi. Nimeisukumia juu kwa ufagio na kuketi hapo, mimi na ufagio, mpaka ibada ya kanisani ikaisha bila mimi.

Mchana nimemwita Twyla. Akaingia, akafunga mlango, akavuta pumzi. Akauliza mbona gari linanuka keki ya Krismasi. Nikasema ni harufu ya kiwandani. Akaniangalia kidogo. Kisha nikawasha injini, tukazunguka mpaka kwenye ghala la mahindi na kurudi.

Kimya. Kimya cha ajabu. Nilisikia funguo zikigongana. Nilimsikia Twyla akimeza mate.

Akagusa paa kwa kiganja, kama anavyompima mtoto homa. Akasema: "Umenifanyia mimi hii?" Nikasema ndiyo. Akasema basi atakwenda na mimi, atampigia Dell simu. Aliposhuka niliona macho yake yamelowa. Mimi nikabaki garini nikitamani Dell angeliona hilo.

Jumatano, 22 Novemba

Naandika kutoka chumba cha wageni cha Corinne. Peke yangu. Twyla amesema atalala na dada yake, wana mengi ya kuzungumza.

Safari ilianza vizuri kupita kiasi. Theluji kando ya barabara, lami kavu, Mildred ametulia. Twyla akamimina kahawa kutoka kwenye chupa, akanipa, akaanza kuongea kwa sauti yake ya kawaida. Nilikuwa nimesahau kwamba ni sauti nzuri.

Akasema amepata kazi kwenye maktaba ya shule, hapa Pueblo, anaanza Januari. Nikamwambia mbona hukuniambia. Akasema aliniambia Septemba, tukitoka kwa daktari wa meno. "Ukanijibu 'safi sana' na dole gumba juu." Akaniambia kwamba Oktoba aliniuliza kama tunaweza kuuza nyumba na kuhamia huku karibu na Corinne. Eti hapo nilitikisa kichwa kukubali, nikasema kweli kabisa, huo ni upepo wa kusini.

Kimya kile nilichokitengeneza mwenyewe kikanikalia kifuani.

Tulipokuwa tunapanda mlima wa Monarch akamchukua yule bata mwenye miwani, akawa anamzungusha mkononi. Akasema bata huyu alimweka yeye. Masika ile nilikuwa nimenuna wiki nzima kwa sababu Dell anapata bata na mimi sipati, akaona huruma. Alimnunua pale pale dukani, akatangulia nje, akamweka kwenye mpini, akarudi ndani kunisaidia kubeba maziwa. "Nilitaka uone kuna mtu anakuona."

Kisha akauliza. Polepole, bila hasira. "Januari mimi nakwenda. Nataka twende wote. Unakuja au huji, Orrin?"

Nilikuwa na jibu. Naapa nilikuwa nalo, lilikuwa limefika kwenye meno.

Lakini kwenye kona, kwa mbele, likatokea gari la aina yetu. La kijani, matairi makubwa. Na sisi tukikutana barabarani ni lazima tupungiane mkono. Asiyepunga hafai kuwa na gari hilo. Nikanyanyua mkono. Sikupunga kinyonge, nilipunga kama mtu mwenye furaha, kwa sababu nilikuwa nayo. Mkono ukagonga paa.

Ile brandi haikuwa spiriti. Ina sukari. Bitana yote ya mbele ilitubwagikia kwa mpigo mmoja, nzito, yenye unyevu, inanuka pichi. Giza. Nilikanyaga breki bila kuona kitu. Tulisimama kwenye theluji ya kando, salama. Twyla alikuwa chini ya sponji. Nilipomfunua, nywele alizotengenezewa jana zilikuwa zimebaki na gundi, zimesimama upande mmoja.

Akasema: "Nimekuuliza swali."

Nikamwambia ngoja kwanza nirekebishe paa.

Nilirekebisha kwa gundi ya dharura niliyokuwa nayo nyuma, ile ya kuzibia redieta, ambayo inashika mpaka chuma. Ilishika kweli. Ilichukua muda. Nilipoketi tena kwenye usukani Twyla alikuwa anaangalia nje ya dirisha lake, na mpaka Pueblo hatukusema neno. Kila kitu kilisikika vizuri.

Alhamisi, 23 Novemba

Sikukuu. Bata mzinga mkavu, mchuzi mzuri. Corinne aliuliza brandi yake iko wapi. Twyla akasema iko kwenye paa la Orrin. Hakuna aliyecheka, hata mume wa Corinne ambaye hucheka kila kitu.

Tulizunguka meza, kila mtu akasema anachoshukuru. Twyla alisema anashukuru kwa sikio la dada yake. Zamu yangu ilipofika nilitaka kusema jambo juu yake, lakini watu wote walikuwa wananitazama, nikasema nashukuru kwa barabara kavu.

Dell alipita kuleta pai ya boga kutoka kwa mama yake. Akamwona Twyla na kitambaa kichwani, akaniona mimi. Akasema tu, "Pole, jirani." Ningependa angenicheka. Kuchekwa ningekumudu.

Jumamosi, 25 Novemba

Twyla harudi. Atakaa kwa Corinne mpaka kazi ianze. Alinisindikiza mpaka garini na koti la kulalia, akaniwekea sandwichi za bata mzinga kwenye kiti chake, na pai iliyobaki, pamoja na kisu cha Corinne cha kukatia nyama nikiazime niikatie. Kabla ya kuviweka aliketi kidogo ndani, pale anapoketi siku zote, akagusagusa dashibodi pale kwa bata, kisha akarudisha mkono mfukoni. Akasema mlango bado uko wazi. "Nataka neno moja tu," akasema, "ndiyo au hapana, na nataka nilisikie kabla ya Jumatatu, kwa sababu Jumatatu natia saini mkataba wa chumba cha mtu mmoja au nyumba ya watu wawili." Nikamwambia nitalifikiria barabarani.

Barabarani hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Hakuna upepo. Hakuna mngurumo. Nilisikia sandwichi zikiteleza kwenye karatasi. Nilijisikia napumua. Nilisikia, nikiwa peke yangu kabisa, mambo yote niliyoyajibu "safi sana".

Nilivumilia mpaka kilele cha Monarch. Hapo nikasimama, nikachukua kisu cha Corinne, nikaichana bitana katikati ili nizipate komeo. Nikatoa vipande viwili vya paa, nikavitupa nyuma, nikaendesha mpaka nyumbani kichwa kikiwa nje, theluji ikiniingia masikioni.

Kelele nzuri. Nililia njia nzima na sikujisikia hata mara moja.

Jumapili, 26 Novemba

Mafua. Masikio yanalia kama birika.

Nimekuta kwenye simu kwamba Twyla amepiga jana nikiwa mlimani, mara kadhaa, na leo asubuhi tena. Ameacha ujumbe. Anasema bado anangoja lile neno. Anasema hata kama ni hapana, nilitamke tu, ili ajue nimesikia.

Ni jambo kubwa hilo, halifai kujibiwa ovyo kwenye simu. Nimelifikiria sana na nimeona kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa sponji. Nimeagiza nyingine, nene mara mbili, na spiriti halisi. Itafika wiki ijayo. Nikishaibandika nitakwenda Pueblo, nitamwomba Twyla aketi ndani, nitafunga milango, na hapo, katika kimya cha kweli, nitamjibu vizuri.

Kuna jambo lingine limenikasirisha zaidi. Nilipokuwa napangusa theluji nimegundua bata wangu hayupo. Yule wa njano mwenye miwani. Nimetafuta chini ya viti, nimetafuta kwenye zulia la bafuni. Ameondoka.

Ni Dell. Nani mwingine angemtaka.