Tukilingana na Minto

Jumapili, 9 Februari

Leo tulipaswa kucheza na Minto. Hatukucheza. Akili yangu hiyo.

Hali ni hii. Katika ligi yetu ya besiboli timu nne zinaingia nusu fainali. Tatu zimeshajulikana. Nafasi ya nne tunaigombania sisi wa Granville na Minto ya kocha Wekesa, yule nesi Mkenya anayetembea uwanjani kama mwenye shamba. Msimu huu tumekutana mara mbili. Alitupiga, tukampiga. Ya tatu ndiyo ya leo, na leo Trésor, mpigaji wangu wa kutegemewa, kaitwa ovataimu ghalani.

Nikampigia Maxwell, msimamizi wa ligi. Nikamwambia basi letu limezimika kwenye barabara kuu ya M5, aahirishe mechi. Wachezaji nilishawaandikia wabaki nyumbani. Mpango safi. Kumbe Ornella alitoka shifti moja kwa moja na treni, hakusoma ujumbe. Maxwell kamkuta uwanjani anapasha mwili moto. Kamuuliza habari za basi. Kajibu kwamba hatujawahi kuwa na basi.

Minto wamepewa ushindi wa mezani.

Ornella ni mdogo wangu, na ndiye mrushaji wetu. Mwezi ujao anahamia Perth, saa tano kwa ndege kutoka hapa, kazi ya kutunza wazee. Msimu mzima amebadilishana shifti na watu ili Jumapili awe huru, na mimi nilimwahidi kwamba hataondoka bila kucheza nusu fainali. Jioni hii amekula bila kunitazama.

Jumanne, 11 Februari

Nimepata njia. Minto wako mbele yetu kwa ushindi mmoja, na imebaki Jumapili moja tu. Wao wanacheza na Macquarie Fields, wa mkiani. Sisi tunacheza na vinara. Wao wakipoteza, sisi tukishinda, tunalingana.

Na tukilingana? Mechi ya ziada. Maxwell mwenyewe alisema ligi yetu inafuata sheria za ligi kubwa ya Marekani. Kule wakilingana wanacheza mechi moja, atakayeshinda ndiye anayepita. Nimeiona YouTube kwa macho yangu. Watu wazima wanalia. Basi, mechi ya ziada, Trésor yupo, Ornella kapumzika: Wekesa kwisha habari yake.

Ornella akasema, yaya (ndivyo anavyoniita mimi kaka yake mkubwa), muulize kwanza Maxwell. Video yenyewe inaonekana ya zamani. Nikamwambia kocha haendi kuulizauliza. Akachukua glovu yake akaenda chumbani.

Alhamisi, 13 Februari

Kazi imefanyika. Nimetoka Macquarie Fields kwa Nduwimana, kocha wao, Mrundi mpole, shemasi wa kanisa. Nimempa siri ya Wekesa. Wekesa haongei na wachezaji wake, anatoa ishara. Akigusa kofia, aliye kituoni anachomoka mbio. Akivuta sikio, mpigaji anaugusa mpira kidogo tu ili uangukie karibu. Nimemsoma tangu Oktoba.

Nduwimana akauliza kama hiyo si dhambi. Nikamwambia macho katupa Mungu. Akaniongezea chai.

Jumapili, 16 Februari

Sijui niandike vipi.

Zamu ya mwisho. Tunaongoza nne kwa tatu. Vinara wana watu kwenye vituo vyote vitatu, wawili wametoka, amebaki mmoja, akikosa mpira mara tatu tumeshinda. Jicho langu moja kwa Ornella, jingine kwenye simu: Macquarie Fields na Minto, tano kwa tano. Ornella anarusha, mpigaji wao hapati mpira. Kosa. Anarusha. Kosa. Mpira wa tatu ukapigwa juu, juu sana, nikafumba macho. Ukaangukia nje ya mstari, hauhesabiki. Trésor, ambaye hupiga tu na sasa yuko benchi nami, aliniomba nimwachie bega lake, kumbe nilikuwa nimemshika.

Mpira wa nne. Jamaa akachapa hewa.

Watu wanamrukia Ornella, mimi naangalia simu. Sita kwa tano. Macquarie Fields wameshinda. Tumelingana na Minto.

Nimewaambia wachezaji wote wasipange kitu Jumapili ijayo. Ornella amecheka. Alisema labda kweli nina akili.

Jumatatu, 17 Februari

Maxwell kapiga simu. Anatupongeza kwa msimu mzuri. Nikamuuliza mechi ya ziada ni saa ngapi. Akauliza mechi gani.

Kumbe Marekani waliifuta. Tangu mwaka 2022 hakuna mechi ya ziada. Timu zikilingana wanaangalia kwanza mechi walizocheza wao kwa wao, nani alimshinda mwenzake mara nyingi zaidi. Ikiwa hapo pia ni sawa, ndipo wanaangalia matokeo mengine. Nikasema sisi na Minto ni moja kwa moja. Akasema hapana, ni mbili kwa moja. Ushindi wa mezani nao ni ushindi. Akaulizia hali ya basi.

Nimejipalia makaa mwenyewe.

Ornella hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema Jumapili ile mkono wake ulikuwa umepata moto, na hata bila Trésor tulikuwa tisa, tungecheza. Tungeshindwa, basi, lakini tungekuwa tumecheza. Akasema anaanza kufungasha. Niliumia, sifichi. Nikatoka nje nikaanua nguo, zote mbichi.

Jumatano, 19 Februari

Maajabu. Wekesa kaja nyumbani, kavua viatu mlangoni, kakaa kwa adabu. Mrushaji wake kateguka bega. Sheria inamruhusu kuazima mchezaji mmoja kutoka timu iliyotolewa, mradi kocha wake akubali. Anamwomba Ornella kwa nusu fainali dhidi ya vinara.

Ornella ananitazama, ameushika mkono wa kiti. Nikasema ndiyo. Akanikumbatia mbele ya mgeni. Machozi yalinitoka, nikasingizia vitunguu.

Wekesa kabadilisha ishara zote. Anasema kuna mtu alimsoma. Sasa Ornella yuko sebuleni anazikariri kwa sauti mbele ya kioo. Kidevu, mpira wa kasi. Kiwiko, unaopinda. Goti, wa polepole. Anaimba kabisa, kwa furaha.

Mimi nipo jikoni. Mlango nimeuacha wazi kidogo. Haiwezekani Wekesa aingie fainali kwa jasho la familia yangu. Kidevu, kasi. Kiwiko, unaopinda. Goti, polepole. Kocha wa vinara amejibu ujumbe wangu, tunaonana kesho stesheni ya Granville nikitoka kazini.