Jiwe la Kataliko

Ijumaa, 1 Agosti 1969, Bwera

Leo malori saba yamesimama kwa Hilaire, ng'ambo ya barabara. Kwenye hoteli yangu hata moja! Chai yangu ina maziwa mengi kuliko yake, mandazi ya mke wangu Mbambu yanasifiwa mpaka sokoni. Lakini yule Mkongo ana redio. Haya, na mimi nimepata dawa. Jana, njia ya Kasese, dereva alisimamisha basi ili wazungu wawili wasome jiwe la kumbukumbu. Jiwe tu! Wakasoma, wakapiga picha, wakanunua ndizi. Nami nitasimamisha langu.

Jumapili, 3 Agosti

Limekamilika. Chokaa nyeupe, rangi nyeusi: HAPA AMELALA KATALIKO, MCHUKUZI WA CHUMVI, ALIYEFIA NJIANI AKITOKA KATWE. Hapo hakuna aliyelala, ni maharagwe ya Mbambu tu. Jina limenijia lenyewe. Nilitaka tu lisiwe la mtu wa hapa. Pembe zote nne nimepanda miti ya kaburi, ile ambayo kwetu haing'olewi na mtu. Kazi safi! Mbambu ameniuliza kama nina akili timamu.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya soko. Malori manne kabla ya saa tano! Hilaire mwenyewe akavuka barabara, nikadhani wivu umemleta. Akasoma. Akasoma tena. Akavua kofia, akakaa vumbini. Kumbe ni babu yake, baba wa mama yake! Alitoka Butembo kufuata chumvi, hakurudi. "Maate, ndugu yangu, myaka yote hii alikuwaka hapa kwako!" Akanikumbatia analia. Hapo ndipo nilipokumbuka jina nililitoa wapi. Ni yeye aliyenisimulia, Krismasi ya mwaka juzi, tukinywa pombe ya ndizi. Ningesema palepale. Nikasema pole.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama yake Hilaire ameletwa kutoka Butembo. Anaitwa Mama Kahambu, hana meno, haoni vizuri, ameshushwa kwenye lori akibebwa mgongoni. Akapapasa herufi moja moja. Akauliza nani alimzika baba yake. "Alikufaka na njala?" Nikajibu alizikwa na marehemu baba yangu, na njaa hakuiona. Alikula maharagwe, nikasema. Ee Mungu, huu ni mdomo gani! Akaichukua mikono yangu akaiweka kichwani kwake. Wamenyoa nywele wote, matanga siku tatu, juu ya shamba letu. Mbambu amenivuta nyuma ya jiko. Shamba amelisamehe, anajua kaburi halilimwi. Lakini bibi nimwambie ukweli kabla hajapanda gari, la sivyo yeye na mimi hatuli sahani moja tena.

Jumapili, 17 Agosti

Sikumwambia. Nilifika mpaka kwenye lori, nikafungua mdomo. Akanitangulia. Tangu utoto, alisema, akimlilia baba yake hakujua atazame upande gani, sasa anajua. Alikuwa amefunga udongo wa maharagwe yetu kwenye ncha ya kitenge. Nikamtakia safari njema. Mwoga mimi! Mbambu amekula kwa jirani.

Jumatano, 27 Agosti

Hilaire amerudi kutoka kumzika mama yake. Amefia usingizini, udongo ule mkononi. Nimelia kweli, mpaka Hilaire akawa ananibembeleza mimi, na mfiwa ni yeye! Siku hizi wasafiri wake anawaleta kwangu, anasema sisi ni ukoo mmoja. Chai inaisha kabla ya adhuhuri na mimi sina raha hata kidogo. Laiti ningesema siku ile ya soko. Kesho nitamwambia. Na nimemwapia Mbambu: maisha yangu yote sitaandika tena jina la uongo juu ya jiwe.

Jumamosi, 30 Agosti

Hilaire sijamwambia, alikuwa na wageni. Jana mama mmoja wa Beni aliniuliza kama hakuna wachukuzi wengine waliozikwa hapa. Kaka yake naye alipotelea njia hii. Alisimama pale muda mrefu, chai yake ikapoa. Ningemjibu nini, jamani? Nina roho ya huruma, ndiyo shida yangu. Leo nimesimamisha jiwe la pili, kwenye viazi. Kiapo sijakivunja: jina sijaandika. Nimeacha nafasi, na chini yake nimeweka kopo la rangi na brashi.