Nazi Nne Chini ya Kitanda

Jumatatu, 6 Agosti

Kadi zimetoka kwa mpiga chapa. Nzuri mno! Herufi za dhahabu: S. Dhandapani, Meneja wa Vaidyalingam, Mtunzi wa Muziki wa Filamu, Lugha Nne. Dada Visalam kaisoma mara mbili, kisha akauliza hizo lugha nne ni zipi. Nikamtajia: Kitamil, Kitelugu, Kimalayalam, Kikannada. Akasema mume wake ametunga filamu sita na zote sita ni za Kitamil. Nikamjibu kuwa kadi haisemi ya jana, inasema ya kesho. Akarudi kuchagua mawe kwenye dengu. Dada yangu haoni mbali. Ndiyo maana meneja ni mimi.

Tatizo ni Vaidyalingam mwenyewe, shemeji yangu Lingam. Kipaji anacho, Mungu kamjalia. Haraka hana. Maprodyuza wa lugha zote wamejaa Madras hii, wanamtafuta, naye anasema mwezi wa Aadi ukiisha atapokea kazi moja tu, ya Mzee Muthukaruppan, Mtamil mwenzetu. Sawa, Aadi ni mwezi wa mkosi. Haoi mtu, hahami mtu, harekodi mtu wimbo wa kwanza wa filamu. Lakini kuuza je? Kuuza hakujakatazwa popote.

Rosario, yule mzee anayeandikia okestra noti za fidla, kaiona kadi. Kaigeuza nyuma akauliza kama huko kuna mapishi. Husuda tupu. Anakimezea mate kiti changu chenye simu nyekundu. Na dada kanionya: kosa moja zaidi, kiti kinaondoka. Yote kwa sababu ya Mei, nilipomwita mwimbaji mmoja kwenye studio mbili kwa saa ile ile. Nani hajawahi kukosea?

Jumanne, 7 Agosti

Nimepata dhahabu!

Alfajiri Lingam alikuwa uani anampampia dada maji. Mpini unalia kwii-kwaa, kwii-kwaa, naye anafuatisha kwa kuguna, mdomo umefungwa. Jamani! Nywele zilinisimama. Ni wimbo unaopanda, unasita, halafu unashuka kama mtu aliyekumbuka kitu. Nikakimbilia redio kaseti, nikaificha nyuma ya pipa, nikanasa wote. Ndoo ya nne ilipojaa, akanyamaza, akavaa shati, akaenda studio kumalizia muziki wa filamu ya watu. Kausahau papo hapo! Vitu vya namna hiyo ndivyo meneja kaletwa duniani kuokota.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimekwenda hotelini kwa Bwana Chalamayya wa Vijayawada, prodyuza wa Kitelugu. Mtu mnene, pete vidole vyote. Nikampigia kaseti. Akafumba macho. Akauliza ni chombo gani kile kinacholia kwii-kwaa. Nikamwambia ni cha Kijerumani. Akasema anautaka wimbo huo au hataki filamu kabisa. Nikamwambia wimbo wenyewe ulizaliwa kwa Kitelugu, akisikiliza vizuri atausikia unavyotamka.

Papo hapo kaagiza sinia: tambuu, ndizi, nazi moja, bahasha. Sinia likishapokelewa, neno limefungwa. Kulirudisha ni kumtakia mwenzio nuksi. Nikalipokea kwa mikono miwili. Nazi iko chini ya kitanda changu.

Jumamosi, 11 Agosti

Wawili kwa siku moja! Asubuhi Bwana Puttaswamy wa Mysore, prodyuza wa Kikannada, mpole, anaongea kama yuko hekaluni. Mchana Mathachan wa Kottayam, wa Kimalayalam, Mkristo mwenye mwavuli usiomtoka mkononi. Kaseti ile ile. Kila mmoja kaambiwa wimbo ulizaliwa kwa lugha yake. Masinia mawili.

Roho ilinisuta kidogo wakati wa kuteremka ngazi. Halafu nikafikiri. Nani atajua? Mtu wa Mysore haendi Vijayawada kutazama sinema. Mtu wa Kottayam haendi popote, kwao mvua haikatiki. Wimbo mmoja, mataifa manne, na hakuna anayenyang'anywa kitu. Huu ni ukarimu.

Nazi sasa ni tatu.

Jumatatu, 13 Agosti

Mzee Muthukaruppan naye kasikia kaseti. Ingekuwa si haki Mtamil akose wakati wimbo umetungwa kwenye pampu ya Kitamil. Kalia machozi. Sinia la nne.

Wote wanne nimewapa nakala ya kaseti kama ukumbusho, na wote nimewaambia siku ya kurekodi wachague wenyewe na wanajimu wao. Hivyo hakuna atakayegongana na mwenzake. Somo la Mei hilo. Mimi hujifunza.

Jumatano, 15 Agosti

Simu nyekundu imelia asubuhi nzima. Chalamayya: mnajimu wake kasema Ijumaa tarehe kumi na saba, siku ya kwanza Aadi ikishatoka, saa tatu hadi saa nne na nusu. Puttaswamy: Ijumaa, saa tatu hadi saa nne na nusu. Muthukaruppan: vivyo hivyo. Wanajimu watatu, miji mitatu, na hakuna hata mmoja mwenye ubunifu!

Tumaini langu likabaki kwa Mathachan, kwani Mkristo Rahu, yule pepo wa saa za mkosi, anamhusu nini? Naye kapiga. Ijumaa, saa tatu. Nikamkumbusha kuwa yeye ni mtu wa kanisa. Akasema, “Mwanangu, kanisani nakwenda, lakini mke wangu kasema balaa usiitafute kwa makusudi.”

Ijumaa saa nne na nusu Rahu anaingia, na Rahu akishaingia hakuna anayeanzisha hata chai. Kwa hiyo dakika tisini, nyimbo nne. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimewapangia: wa kwanza saa tatu, wa pili saa tatu na dakika ishirini, na kuendelea. Mmoja anatokea mlango wa mbele, mwingine anaingia wa nyuma.

Nilitaka kumweleza Lingam jioni. Nimemkuta studio kalala juu ya noti, penseli sikioni. Nimemwonea huruma. Nitamweleza Ijumaa.

Dada kafagia chini ya kitanda changu, kakuta nazi. Nikasema ni nadhiri kwa mungu Ganesha. Akauliza nazi nne? Nikasema nadhiri ni kubwa. Kanitazama sana. “Dhandapani, we mtu mzima. Mume wangu anakutetea kila siku mbele ya watu. Usimwaibishe.” Nikamwambia atulie.

Ijumaa, 17 Agosti

Naandika yote kama yalivyokuwa.

Nilifika studio saa mbili na nusu. Magari manne yalikuwa tayari getini! Kila mmoja kataka kuwahi. Kila dereva kaweka ndimu za kufukuza mkosi chini ya magurudumu yake, na ndimu kumi na sita zikapasuka karibu kwa mpigo. Nikakimbia. Chalamayya nikampeleka paani akapunge upepo. Mathachan nikamtia kantini. Muthukaruppan chumba cha mitambo. Puttaswamy, kwa kuwa mpole, stoo ya ngoma. Mpango ulikwenda vizuri kwa dakika kumi hivi. Kisha kahawa ikaletwa ukumbini, na harufu ya kahawa haina adabu. Wote wanne wakajikuta mbele ya birika moja.

Lingam akaingia, miguu mitupu kama desturi yake. Wapigaji muziki sitini wakasimama. Akaona nazi nne mbele ya picha ya mungu, kila prodyuza kaja na yake, akauliza kwa nini nne. Rosario akasema, “Muulize Bwana Meneja. Kadi yake inasema lugha nne.”

Kabla sijafungua mdomo, Mzee Muthukaruppan akachomoa kaseti mfukoni akamwambia fundi aipige, wote wasikie wimbo wake.

Kwii-kwaa. Kwii-kwaa.

“Huo wangu!” akafoka Chalamayya. Puttaswamy, mpole wa Mungu, akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo kwamba wimbo huo ulizaliwa kwa Kikannada na meneja ni shahidi. Mathachan akanyanyua mwavuli. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Chalamayya akasema anataka sinia lake sasa hivi, nuksi na iwe nuksi, na Vijayawada nzima itajua kuwa Vaidyalingam ni mtu wa kuuza kiwanja kimoja kwa watu wanne. Wengine wakasema watajua Mysore pia, na Kottayam pia. Wapigaji fidla wakaanza kutazama viatu vyao. Jina la mtu lilikuwa linazama pale mbele ya macho yangu, na mtu mwenyewe amesimama miguu mitupu.

Lingam aliusikiliza wimbo mpaka mwisho. Akauliza taratibu, “Hiyo si pampu yetu?” Akanitazama. Sikuweza kumtazama.

Kisha akawageukia. “Msimgombeze. Kafanya nilivyomtuma.”

Hakunituma! Hakujua lolote! Kayasema hayo mbele ya watu sitini na mungu wake anamsikiliza. Machozi yalinitoka. Nadhani ni moshi wa kafuri.

Akasema amewaita wote siku moja makusudi, kwa kuwa wimbo ni mbegu tu, na kila mmoja ataondoka na mti wake. Rosario akatazama saa ya ukutani: saa tatu na dakika arobaini. Lingam akakaa sakafuni na kinanda, akamwuliza kila mmoja swali moja tu: wimbo ukiimbwa, kwenye filamu kunatokea nini?

Chalamayya akasema shujaa anacheza mvuani na wanawake arobaini. Lingam akaukimbiza wimbo mbio, fidla zote, tarumbeta juu yake. Mathachan akasema mama anasoma barua ya mwanawe aliyeko Uarabuni. Lingam akaupunguza mpaka ukabaki filimbi moja, na kila mstari ukisha, kimya, mama avute pumzi. Mathachan akaushusha mwavuli akajifuta uso. Puttaswamy akasema mkulima anauza ng'ombe wake wa mwisho. Lingam akauanzisha kutoka mwisho kurudi mwanzo, na zumari. Wa Muthukaruppan, bibi harusi kisimani, akauacha ulivyo, ila alitaka ile kwii-kwaa. Mpiga ngoma mmoja akakimbia akang'oa mlango wa choo cha studio, wenye bawaba zinazolia vile vile. Rosario alikuwa anaandika noti mpaka penseli ikakatika, akaandika na ya pili.

Wimbo wa mwisho ulianza saa nne na dakika ishirini na nane. Rahu alipoingia alitukuta sote tuko ndani ya kazi. Hakupata mtu.

Wakati wa kuondoka kila prodyuza alinivuta pembeni akaninong'oneza kuwa wimbo halisi kaupata yeye na wenzake wamegawiwa makombo. Nikakubaliana nao wote wanne.

Lingam alimsubiri Rosario amalize, wakaondoka pamoja. Mimi nilirudi kwa miguu.

Jumamosi, 18 Agosti

Kikao jikoni. Lingam hakupaza sauti. Afadhali angepaza. “Shemeji, jana nilidanganya mbele ya vyombo vyangu vya muziki. Sijawahi. Sitaki tena.” Basi. Akamaliza kahawa yake akaenda kazini.

Kiti na simu nyekundu kapewa dada. Nikasubiri nione atakavyoaibika. Simu ya kwanza ilitoka Vijayawada, na dada akazungumza Kitelugu kinachotiririka. Ya pili Kikannada. Nikamwuliza kajifunza lini. Akasema majirani zetu wa miaka kumi na moja ni kina nani? Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mimi nimepewa stuli ya getini. Kazi yangu ni kupokea wageni na kuwaambia hapana. Ukiangalia vizuri, nimepandishwa cheo. Sasa hakuna anayemwona meneja kabla ya kuniona mimi.

Jumapili, 23 Septemba

Ushindi! Ushindi mtupu!

Kaseti zimetoka lugha zote nne, na hakuna duka la chai lisilopiga mojawapo. Barua za Vijayawada zinasema watu wanacheza barabarani. Kottayam wanalia. Mysore kuna mtu kakataa kuuza ng'ombe wake baada ya kuusikia. Hapa Madras watoto wanatikisa milango ya vyoo. Gazeti moja la sinema limeandika jana: “Vaidyalingam, mtunzi wa lugha nne.” Maneno ya kadi yangu, neno kwa neno! Nani aliyaandika kwanza? Mpiga chapa ni shahidi.

Rosario kapita getini, kasoma gazeti begani kwangu, kaenda zake. Kanywea.

Maprodyuza wanakuja kwa foleni. Nimewaambia hapana kumi na tisa wiki hii, na kila hapana imeniuma. Jumatatu mchana nilitoa noti ya rupia kumi kununua kahawa, nikaitazama. Pembeni mwake thamani imeandikwa kwa lugha kumi na tatu, moja chini ya nyingine. Nimeishika noti hiyo maisha yangu yote sikuwahi kuiona! Lugha kumi na tatu. Sisi tumetumia nne. Zimebaki tisa zinakaa bure.

Na bahati haiji peke yake. Jumanne alfajiri Lingam kampampia dada maji, na kaguna wimbo mpya, mzuri kuliko ule. Nilikuwa nyuma ya pipa.

Nakala nane zimeshatumwa Bombay, Calcutta na kwingineko. Prodyuza wa Kisanskriti sijampata bado, lakini yuko kuhani mmoja wa Mylapore, hapa hapa mjini, mwenye hamu. Kadi mpya, Lugha Kumi na Tatu, ziko kwa mpiga chapa. Dada hajui, nataka afurahi ghafla.

Siku ya kurekodi nimewaachia wachague wenyewe, kila mtu na mnajimu wake, ili safari hii pasiwe na kugongana. Wa kwanza kajibu kwa telegramu jioni hii. Anataka sikukuu ya Vijayadashami, tarehe nne Oktoba. Chaguo zuri sana. Ni siku ambayo nchi nzima huanzia mambo yake.