Sahihi Yangu Kwenye Jalada la Visiwa

Leo nimeadhirika. Nawaandikieni wenzangu wa Lindi kabla hamjaletewa habari na abiria wa lori, maana Mikindani haifichi kitu, na kila atakayewasimulia atatia chumvi yake.

Mnajua nina miaka tisa masjala. Kila jalada la serikali hapa kwetu limepita mkononi mwangu, la mihogo, la mipaka ya mashamba, hata la mbuzi aliyekula maua ya bomani. Kazi haibadiliki. Nasoma, nagonga mhuri wa tarehe, naandika saa, natia sahihi. Naweza kuifanya nikiwa nimesinzia (na mwezi wa mfungo nimewahi).

Miezi mitatu iliyopita akaletwa karani mpya, Idrisa, kutoka Dar es Salaam. Kijana, viatu vinang'aa, Kiingereza kinamtoka bila jasho. Kila asubuhi, "Shikamoo, kaka Mfaume," kwa adabu mpaka inaniudhi. Mke wangu alimwona mara moja tu sokoni akasema, "Yule kijana ana heshima zake." Siku hiyo chakula hakikunishuka.

Juma hili likaja jalada nene kutoka makao makuu. Ni taarifa za serikali juu ya utawala wa visiwa vya bahari ya Pasifiki, ambavyo navyo viko chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa kama Tanganyika yetu. Tumeletewa ili Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma letu, aone wenzake wa huko wanavyoandika taarifa zao za mwaka. Akalifungia kabatini. Ufunguo akampa nani? Idrisa.

Niliona wivu, sifichi. Kabati lile nimelifuta vumbi miaka tisa! Tena karani mkuu wetu anastaafu mwezi ujao, na bomani kila mtu anajua kwamba mshika ufunguo ndiye mrithi wa kiti. Kiti kile mimi moyoni nilikwisha kukikalia. Hata mto wake nilimwagiza mke wangu aanze kushona.

Kutwa Idrisa analisoma jalada lile huku anatabasamu. Nikajua (wivu una elimu yake) kwamba katikati ya visiwa vile imefichwa barua ya kumpandisha cheo.

Leo Ijumaa, wenzangu wakatoka kwenda msikitini. Mimi nikashika tumbo.

"Pole, kaka," akasema Idrisa. "Nikirudi nikuletee chai ya tangawizi?"

"Wewe nenda kaswali."

Akaenda. Koti lake akaliacha kwenye kiti, na ufunguo mfukoni. (Mtu wa Dar es Salaam, na bado anaamini watu.)

Nikafungua. Karatasi ya mbele, ile wanayoandikiana maofisa na makarani, nikairuka, maana barua ya siri haiwekwi mlangoni. Nikaingia ndani. Minazi. Mbata. Nguruwe, kijiji kwa kijiji, nikageuza kurasa kwa ncha za vidole. Machifu wawili wa kisiwa kimoja wanagombea nani akae mbele barazani. Hapo nilikaa kidogo, nikamhurumia yule aliyenyimwa. Barua hakuna.

Mara nikasikia viatu vya Idrisa uani. Haraka haraka nikalipanga jalada, nikafunga kabati, ufunguo nikaurudisha mfukoni mwa koti. Akanikuta nimeinamia meza nikiugulia. Chai ya tangawizi alileta kweli, nami nikainywa.

Saa tisa Bwana Shauri akatuita sote. Jalada liko mezani kwake.

"Nani amelifungua hili leo mchana?"

Mngekuwa nyinyi mngenyamaza. Mimi nikasema, "Bwana, mimi hata rangi yake siijui. Aulizwe mwenye ufunguo." Nikajisikia vizuri sana, kwa muda wa pumzi moja.

"Mfaume," akasema, "soma karatasi ya mbele. Kwa sauti."

Ilikuwa Kiingereza, nawatafsirieni. Mwandiko wa Idrisa: *Mimi ni mgeni. Anayeijua masjala hii ni kaka Mfaume. Naomba ufunguo apewe yeye, kwa kuwa ni mwaminifu na hagusi kisichomhusu.* Chini yake, Bwana Shauri: *Nimekubali. Akabidhiwe Jumatatu.*

Na chini yake, mhuri wa leo. Saa saba na robo mchana. *Nimeona.* Kisha sahihi yangu, yenye ule mkia ambao hakuna karani Mikindani anayeweza kuuiga.

Pale nilipokuwa nalipanga kwa haraka, mkono ulikuwa umefanya kazi yake ya miaka tisa bila kuniuliza.

Tarishi akatoka nje kwenda kucheka. Idrisa hakucheka. Aliinamisha kichwa, akasema taratibu, "Bwana, kaka alikuwa anaumwa tumbo. Huenda hakujua analofanya." Hata kunitetea ananishinda. Wivu ukanipanda upya pale pale, na aibu ikiwa bado haijashuka.

Bwana Shauri akachukua kalamu, akaandika chini ya sahihi yangu, *Nami nimeona.* Ufunguo ukabaki kwa Idrisa.

Nimefika nyumbani, mke wangu ananipokea mlangoni na mto. Umekwisha, wa maua mekundu, kaushona vizuri mno. Nimemweleza yote. Kaniambia nisimharibie kazi yake ya mkono, kiti bado kipo hata kama mkaaji si mimi.

Basi Jumatatu mto huo nitaubeba mwenyewe mpaka kwenye kiti cha Idrisa. Mkipita Mikindani asubuhi hiyo mkanikuta njiani, niamkieni kama kawaida, msiniulize nimebeba nini.