Kichwa Kilichotumwa Kliniki

Jumatatu, 3 Novemba
Matanga ya Baba yamekwisha. Mimi na mdogo wangu Devkant tumenyolewa vipara, kama wanavyofanya wana wa Kihindu waliofiwa na baba. Nimeificha furaha yangu. Miaka yote mji wetu mzima wa Kanpur umeucheka upara wangu. Leo nani atacheka? Baba alizipaka nywele zake chache mafuta ya haradali kila asubuhi, akazichana taratibu kana kwamba ni nyingi. Sukari ikamuua.

Jumanne, 4 Novemba
Balaa! Daktari Rastogi, aliyemtibu Baba, amemwambia Mama kwamba wanaume wanaoota upara mapema mara nyingi huwa na shida ya sukari na mafuta mwilini. Eti nipimwe damu! Nikasema ni uvumi. Mama akanitazama. "Baba yako naye alisema hivyohivyo, mwanangu. Yuko wapi?"
Naogopa sindano. La. Naogopa jibu.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimepata mbinu! Vichwa vyetu sasa vinafanana. Devkant ataenda kupimwa kwa jina langu. Alikataa mpaka nikamwachia zamu yangu ya pikipiki. "Haya, Kaka, ila ukifa usinilaumu."

Jumamosi, 15 Novemba
Devkant, mvivu yule, ameenda leo tu! Nywele zimeshaanza kumwota utosi mzima, kama brashi ya viatu. Daktari akampapasa kichwa, akauliza upara wangu umepona kwa dawa gani, ili naye aiuze. Akamfukuza. Mama aliposikia akanishika mkono, akanipeleka mwenyewe, kama siku ya kwanza ya shule.

Jumatatu, 17 Novemba
Majibu. Sukari iko mpakani! Kiuno nacho kimepita kipimo! Daktari akasema upara hauleti sukari, ni dalili tu, na bado naweza kujiokoa: nitembee, niache vitamu, nirudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Mama akalia kwa shukrani. Tutatembea pamoja kila alfajiri, akasema.

Jumanne, 18 Novemba
Mama ametembea peke yake. Mimi nilikuwa nafikiri, kitandani. Kosa nimeliona: nilimtuma mtu mwenye nywele! Lallan, muuza jalebi, vile vitamu vya kukaangwa, wa pale kona, ana upara halisi, wa kuzaliwa nao ukoo mzima. Amekubali kupimwa kwa jina langu miezi mitatu ikifika. Tumepatana juu ya sahani mbili zilizolowa shira. Tumbo lake linatangulia mlangoni, lakini anaapa hajawahi kuwa na sukari.
Hajawahi kupimwa.