Viti Viwili vya Safu ya Nne

Ijumaa, 22 Desemba 2017

Rais ametia saini sheria mpya ya kodi. Nimesikia redioni dukani nikikata kapeti ya mteja. Imekwenda upande. Lawama ziende Washington.

Hesabu yenyewe ni hii. Miaka ishirini na miwili nimetoa dola elfu mbili kila mwaka kwa mfuko wa michezo wa Chuo cha Brannock. Ukitoa, unapata haki ya kununua viti vizuri vya mpira wa kikapu. Halafu serikali inakuruhusu kuondoa asilimia themanini ya mchango wako kwenye mapato kabla hawajakukata kodi. Mpango mtamu. Aliyeubuni namvulia kofia. Sasa kuanzia Januari mosi, mchango unaokupa haki ya kiti haupunguzi kodi hata senti moja. Kwa hiyo mwenye akili anatoa ya miaka mitano mbele, kabla ya tarehe thelathini na moja.

Akili ninayo. Dola elfu kumi sina. Yaani ninazo, ila ni za jiko la Marvella.

Marvella ni mke wangu. Anasubiri jiko jipya mwaka wa sita. Mimi nauza sakafu mji mzima, na sakafu ya jiko letu ni mbao tupu. Analitaja hilo mbele za watu.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko kodi. Klabu ya wafadhili inampa kila mtu pointi, dola mia kwa pointi moja. Msimu ujao safu za mbele zinagawanywa upya kufuata pointi za mwisho wa mwaka huu. Viti vyetu ni safu ya nne, namba kumi na moja na kumi na mbili, nyuma ya benchi letu. Nikinyoosha mkono namgusa kocha begani. Nilishamgusa. Niliandikiwa barua.

Nyuma yetu, safu ya tano, anakaa Orville Stamper, daktari wa kunyoosha meno. Miaka kumi na mitano magoti yake yako mgongoni mwangu. Anavitaka viti vyetu, namjua.

Nimempigia Twyla, katibu wa klabu. Amepokea simu mia tatu leo na sauti bado ni asali. Mwanamke wa chuma. Ameteleza kidogo akasema Daktari Stamper keshalipa ya miaka mitano tangu Jumatano. Jumatano! Sheria haijapata hata wino. Mshenzi yule ana kichwa, lazima niseme.

Jumamosi, 23 Desemba

Nimeamka na mpango. Siyo lazima kutoa pesa. Unaweza kutoa mali!

Nina robota kumi na moja za kapeti ghalani, nzito, nzuri, hazijauzwa tangu 2009. Klabu inakarabati chumba cha wachezaji. Nikiwapa kapeti ya dola elfu kumi, napata pointi mia moja, napata punguzo, jiko la Marvella halijaguswa. Nilijishangaa mwenyewe, na haikuwa mara ya kwanza.

Nimepeleka robota moja kwa gari hadi ofisi ya klabu. Nimeikunjua mbele ya Twyla na mabwana wawili wa kamati.

Ndipo nikaona.

Ni ya kijani. Kijani kile kile cha Tolliver, chuo cha mahasimu wetu. Miaka minane nimeiona ghalani kila siku na sikuwahi kuiona rangi yake. Sisi ni wekundu. Katika mji huu kuna watu hawapandi majani mbele ya nyumba kwa sababu ya Tolliver. Bwana mmoja wa kamati alirudi nyuma hatua mbili. Mwingine aliniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani.

Twyla akanisaidia kuikunja. Alisema, "Mzee Delbert, nia tumeiona." Akaongeza kwamba mali inayozidi dola elfu tano lazima mthamini aipitie, na mthamini yuko Florida hadi Januari. Halafu akanipa kahawa. Namheshimu sana yule mama.

Jumanne, 26 Desemba

Krismasi imepita vizuri. Marvella kanipa soksi nyekundu. Mimi nimempa kalenda ya mechi.

Mpango mpya, na huu hauna rangi. Bi Lorene Hostettler, miaka themanini na moja. Alikuwa mpishi wa bwalo la chuo. Ametoa dola ishirini kila mwezi tangu 1971, na klabu inawaongezea pointi wanaokaa muda mrefu. Twyla anasema Bi Lorene angeweza kukaa safu ya kwanza na miguu yake ikawa uwanjani. Anakaa safu ya ishirini na moja. Hana mtoto wala mume. Pointi zote zile zimelala.

Nimekwenda kwake na keki ya Krismasi iliyobaki. Nilikusudia kumweleza, kwa lugha laini, kwamba tunaweza kununua viti kwa jina lake. Hakunipa nafasi. Alinikalisha, akanipakulia kuku na tambi juu ya viazi vya kuponda, sahani ya mtu wa shamba. Nilipomaliza akapakua tena bila kuuliza.

Nikamweleza habari ya sheria. Akauliza punguzo lipi. Nikarudia. Akasema hajawahi kuandika mchango kwenye fomu yoyote ya kodi maisha yake yote. Miaka arobaini na sita! Nilibaki na uma hewani.

Nikamuuliza, sasa hutoa kwa nini? Akasema aliwapikia wachezaji miaka thelathini, anapenda kuwatazama wanavyokimbia wakiwa wameshiba. Basi. Na safu ya ishirini na moja anaipenda kwa sababu kule juu mchezo unaonekana wote, huku chini mtu anaona migongo.

Kuhusu pointi, akacheka. Alishauliza klabu zamani. Haziwezi kupewa mtu asiye mume wala mke. "Na wewe Delbert sikutaki," akasema, "unakula sana."

Akanisindikiza mlangoni akasema kutoka kule juu anatuona vizuri. Mimi nagombana na refa, Marvella anaangalia saa.

Nimelifikiria hilo njiani. Mwanamke bora kuliko huyu sijamwona katika kaunti hii. Lakini hajui kodi, na hajui kwamba Marvella anaangalia saa ya ubao wa matokeo.

Alhamisi, 28 Desemba

Siku mbili sijala vizuri. Nimemwona Stamper kwenye duka la vifaa, anatembea taratibu kama mtu wa safu ya nne. Kanisalimu vizuri mno. Kaniuliza mgongo unaendeleaje.

Nimemgusia Marvella wakati wa chakula. Nikamwambia kuna pesa benki zimekaa tu. Akasema hazijakaa tu, zinasubiri fundi wa jiko tarehe kumi na tano. Nikamwambia serikali inatulipa nusu kutoa mchango, siku tatu zijazo tu. Akauliza, nani kasema nusu? Nikasema ni lugha ya hesabu. Akasema nimuulize kaka yake, Emmett, mhasibu, ofisi yake iko dakika sita kutoka hapa.

Sikumuuliza Emmett. Emmett ni mtu wa kukatisha watu tamaa.

Jumapili, 31 Desemba

Nimefanya.

Posta imefungwa, ni Jumapili, kwa hiyo klabu ilifungua ofisi kuanzia saa sita mchana kwa wanaoleta kwa mkono. Mchungaji alifupisha mahubiri. Nikadhani ni kwa sababu ya baridi. Nilipofika klabuni nikamkuta mbele yangu kwenye foleni na hundi yake.

Sitaisahau foleni ile. Ilitoka ofisini ikazunguka jengo, nyuzi joto chini ya sifuri, na hakuna aliyelalamika. Makoti mekundu matupu. Wakulima, walimu, mwenye duka la matairi, mjane wa mkuu wa zimamoto. Watu ambao ukiwaomba mchango wa taa za barabarani wanajifanya viziwi, leo wamesimama kwenye theluji wakingoja kutoa. Nikasema hawa ndio watu wangu.

Stamper naye alikuwepo. Hakuja kulipa, keshalipa. Kaleta boksi nne za donati kwa ajili ya Twyla na wote waliosimama. Daktari wa meno, anagawa donati. Akaniambia, "Delbert, natumaini tutabaki majirani, maana magoti yangu yatakukumbuka." Nilikula mbili. Nilitamani kumchukia nikashindwa.

Saa nane na dakika kumi nikampa Twyla hundi ya dola elfu kumi. Aliitazama, akanitazama, akauliza kwa sauti ya chini kama Marvella anajua. Nikasema Marvella ni shabiki kuliko mimi. Akagonga muhuri.

Pointi mia moja. Viti ni vyetu. Nimepiga honi njia nzima hadi nyumbani, na nilipofika sikusema kitu.

Jumatatu, 1 Januari 2018

Anajua. Klabu iliingiza hundi kwa mtandao jana ile ile, na benki inatuma ujumbe kwenye simu yake siku hizi. Sikuwa na habari.

Hakupiga kelele. Alisema kwa utulivu kwamba amesimama kwenye zile mbao miaka sita, na kila akiingiwa na kibanzi mguuni anaambiwa subiri msimu uishe. Nikamwambia nimefanya kwa ajili yetu, tukae pamoja pale hadi uzeeni. Akauliza kama nimewahi kumuuliza anataka kukaa wapi. Swali gumu. Nikaahidi kurekebisha leo leo.

Nimerekebisha. Alipokwenda kwa kaka yake nikaleta ile kapeti kutoka ghalani nikaitandika jiko zima, ukuta hadi ukuta, kazi safi, mshono hauonekani. Kusema kweli sijawahi kutandika vizuri vile.

Amerudi saa kumi. Amesimama mlangoni na viatu mkononi, akitazama kijani cha Tolliver chini ya meza yake, chini ya jokofu, chini ya kila kitu. Kisha amevaa viatu akaondoka tena.

Alhamisi, 4 Januari

Siku ya majibu mawili.

La kwanza, Twyla. Orodha imetoka. Tumebaki safu ya nne, kumi na moja na kumi na mbili! Stamper amepanda safu ya tatu. Nikauliza, kwa hiyo hakutaka viti vyetu? Twyla akasema hapana, aliomba ya tatu tangu Oktoba, kwa sababu ya magoti. Nikauliza, na mimi bila ile elfu kumi ningekuwa wapi? Akasema safu ya nne, kumi na moja na kumi na mbili.

Stamper ana futi sita na inchi tano. Msimu ujao atakuwa mbele yangu.

La pili, Emmett. Nilimpelekea risiti kwa fahari. Akasoma, akavua miwani. Akasema, "Shemeji, keti." Akanieleza kwamba serikali huipa kila familia punguzo la jumla, bila kuulizwa. Sisi wawili mwaka jana ni dola elfu kumi na mbili na mia saba. Anayeorodhesha michango yake anapata faida pale tu orodha inapozidi hiyo. Nyumba tulishamaliza kuilipia, hatuna mengi ya kuorodhesha. Miaka ishirini na miwili nimechukua lile la jumla. Yeye ndiye huniandikia, anajua. Mchango wangu haujawahi kunipunguzia kodi hata dola moja.

Nikasema, lakini mwaka jana nilitoa elfu kumi. Akapiga hesabu mbele yangu. Asilimia themanini ni elfu nane, weka ule mchango wa kawaida wa mwaka, weka kodi ya nyumba na jimbo, bado tunapungukiwa na mia tisa. Na kuanzia mwaka huu lile la jumla limekuwa elfu ishirini na nne, kwa hiyo nisahau. Sheria mpya haijaninyang'anya kitu, akasema, maana sikuwa na kitu.

Anaeleza vizuri sana, Emmett. Ana subira, ana mwandiko mzuri. Mia tisa tu! Nilikuwa karibu kiasi hicho!

Jumamosi, 6 Januari

Mechi na Tolliver. Ukumbi umejaa hadi darini.

Marvella alikuja, nilifurahi. Tuliingia mlango mmoja. Nikashuka ngazi nikiongea naye habari za kocha. Nilipofika safu ya nne nikageuka, nikakuta naongea na mtu wa bisi.

Yeye alikuwa amepanda. Safu ya ishirini na moja, pembeni ya Bi Lorene. Amelipa kiti chake mwenyewe, dola tisa kwa mechi. Nilimpungia mkono. Akanipungia, kwa adabu, kama unavyompungia jirani. Mapumziko nikamtumia mtu wa bisi akamuulize anarudi lini. Jibu lilikuja na mabaki ya bisi: kule juu mchezo unaonekana wote, na ameshalipia hadi Machi.

Kipindi cha pili nimetazama nyuma zaidi ya mbele. Bi Lorene alikuwa anamwonyesha kitu kwa kidole, na Marvella akacheka, kichwa nyuma, mkono kifuani. Hakuangalia saa hata mara moja. Ni mzuri, mke wangu. Miaka ishirini na miwili nimekaa naye bega kwa bega nikimwangalia refa. Iliniuma, siwezi kudanganya. Tulishinda kwa pointi nne, na sikuwa na wa kukumbatia, nikamkumbatia Stamper.

Kiti namba kumi na mbili kimebaki na koti langu.

Nimelifikiria jambo hili hadi maegesho. Kiti kitupu, kimelipiwa miaka mitano. Ni mali. Nikikirudisha klabuni kama mchango, napata pointi upya, na kwa pointi hizo naomba safu ya ishirini, mbele yao kabisa, Marvella akiinamisha macho ananiona. Kwenye kodi nitaorodhesha dola elfu tano. Nimempigia Emmett. Anasema kiti hakikati kodi, elfu tano haifiki popote, na pengine nimuombe tu msamaha dada yake.

Mtu mwema, Emmett, nampenda kama ndugu. Ila kodi haijui. Jumatatu asubuhi nampigia Twyla.