Damu ya Kuazima

Jumatatu, 12 Mei

Ijumaa napimwa damu. Daktari Ruwaida kanieleza tena, taratibu: homoni za kiume ndizo chakula cha saratani ya tezi dume, na sindano ninazochomwa zinazizima. Namba ya damu ikishuka sana, ni dalili kwamba dawa itanishikilia muda mrefu. Isiposhuka, tutazungumzia upasuaji. Nikauliza upasuaji wa wapi. Akatazama chini ya mkanda wangu kwa heshima kubwa. La hasha!

Jioni joto la dawa likanipanda dukani. Nikawasha feni zote ninazouza, nikakaa katikati. Mteja akauliza kama nina homa. Nikamjibu nazijaribu.

Jumanne, 13 Mei

Jaysukh wa duka la rangi, ng'ambo ya barabara, kagawa ladu mtaa mzima. Watu wanadhani kapata mjukuu. Mimi ndiye ninayejua: tulianza sindano pamoja, na namba yake imeshuka karibu na sifuri. Kaninong'oneza mwenyewe huku akinitia ladu la pili mkononi. Nimelila kwa hasira. Lilikuwa tamu.

Na mimi je? Nina hofu. Sitaki kufa, sitaki kisu, wala sitaki kumpa Jaysukh raha.

Jumatano, 14 Mei

Nimepata akili! Maabara hawanijui. Wanaita jina, mtu anakunja mkono wa shati, basi. Kwa nini niwapelekee damu yangu yenye mashaka? Atakwenda Husseni, kaka yake mke wangu Zeyana. Rika langu, msimamizi wa matrekta kule Makurunge, shingo nene, hajawahi kumeza hata panadol. Nimemwahidi biriani ya mbuzi. Kakubali bila swali. Shemeji wa namna hii ni neema.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemfuata Husseni kwa pikipiki. Njia nzima ananisimamisha penye vichaka akajisaidie. Figo safi kabisa! Nikazidi kumwamini. Maabara wakaita jina langu, Alawi, Husseni akainuka kifua mbele. Hata mimi nilikaribia kuamini kwamba ndiye.

Jumanne, 20 Mei

Balaa. Namba haikushuka. Imepanda! Daktari akasema hajaona sindano ikishindwa mapema hivi, akafungua kalenda kutafuta siku ya upasuaji. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Nikakiri yote, jasho likinitiririka, na safari hii si la dawa.

Daktari akaifunga kalenda. Kisha akasema, "Mzee Alawi, namba hii ni ya mtu. Huyo mtu ni nani, na yuko wapi sasa hivi?"

Nikatolewa damu yangu mwenyewe palepale kliniki, nesi kanishika bega nisitoroke.

Nyumbani Zeyana kalia, kisha kaja juu: nimemtafutia kaka yake maradhi. Nikamwambia sikuyatafuta, yalikuwemo. Haikusaidia. Nimelala sebuleni na feni moja. Husseni alipoelezwa alitikisa kichwa tu. "Shemeji," akasema, "biriani yako ina bei."

Ijumaa, 23 Mei

Namba yangu iko chini kuliko ya Jaysukh! Daktari kasema dawa inafanya kazi vizuri sana, tuendelee nayo, kisu hakihitajiki. Nimelia mbele yake bila aibu. Muda wote huu damu niliyoikimbia ndiyo iliyokuwa nzima. Nimeagiza halua ya mtaa mzima, na Jaysukh nitampelekea sahani yake mwenyewe, nimwone uso.

Ila Husseni ananisikitisha. Jumatatu anapimwa upya, safari hii kwa jina lake. Kaja kwetu, kaketi barazani, biriani imepoa mbele yake, hajaonja. Anaogopa, mtu mzima yule, na ni ndugu wa mke wangu. Nimeona si utu kumwacha hivyo. Nimemwambia ale, ashibe, arudi kwenye matrekta yake: maabara wakiita Husseni, nitasimama mimi.